Wauza miwani ya leza hapa Dodoma mtatupofusha na hela zetu mnakula

Wakuu leo naongea maana nimechoka. Siku hizi mafundi wa mageti tunaingiza mashine za leza za faiba, za kuchomelea na kutoa kutu, kazi inaenda fasta sana ila macho ndo yako rehani. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 1064 mpaka 1080, infraredi, jicho haliuoni, kwa hiyo hata kope hazifungi, unapita kwenye mboni, lenzi ya jicho inaukusanya na kuuelekeza kwenye retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, inaungua pale pale na wala husikii maumivu. Utashtuka tu kuna doa kila unapotazama.

Sasa jamaa kaniuzia miwani anasema bosi hii ina koting ya kisasa, inazuia leza zote. Leza zote?? Koting yenyewe ni tabaka nyembamba za titania na silika zimepishana, unene wa kila moja unapigiwa hesabu kwa robo ya wimbi linalotakiwa kurudishwa, ukibadilisha wimbi hamna kitu. Nikasema nionyeshe basi, akatoa kalamu ya leza nyekundu akamulika ukutani kupitia kioo, ikafifia, eti "umeona bosi?" Nimeona nini sasa! Nyekundu ni 650 huko, mimi mashine yangu ni 1064!

Halafu kwenye fremu hamna namba hata moja. Miwani ya ukweli inaandikwa nanomita ngapi mpaka ngapi na OD yake, yaani kipimo cha inavyozuia mwanga, OD 6 maana yake inapita sehemu moja tu kwenye milioni, na za Ulaya zinakuwa na EN 207, kiwango chao cha miwani ya leza. Hii yangu ina stika ya leza basi.

Na vumbi letu hili la Dodoma mnalijua, unafuta kioo na ovaroli lenye mchanga, koting ya nje inakwaruzika, hapo pameshakuwa tobo. Mwanga ukiingia kwa ubavu nao, koting inahamia kuzuia mawimbi mafupi zaidi, 1080 inaweza kupenya. Na haimezi mwanga, inaurudisha, dogo aliyesimama pembeni je?

Nimerudisha naambiwa mali ikishatoka hairudi. Mwenye kujua wanapouza zenye namba, kioo chenyewe kiwe kinafyonza sio koting tupu, aweke hapa. Na wewe muuzaji kama unaiamini hivyo, ivae uje usimame karibu tukiwasha mashine.