"Dogo, rangi tu inakutoa jasho?" MBELE YA MTEJA!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mjuaji mnamjua, hakuna ofisi isiyo naye.

Wauzaji wanaandika maelezo ya bidhaa kwenye tovuti, bei wanaipaka nyekundu. Angular (zana tunayojengea tovuti) ukiipitishia HTML ya mtu kwenye innerHTML, kwa usalama inafuta style zote, yaani maagizo ya mwonekano, bei inatoka nyeusi. Nikaomba siku mbili: tusafishe kwa DOMPurify (maktaba ya kuchuja HTML yenye hatari), tubakize color na text-align (rangi na upande wa maandishi), mengine nje. Ndipo akanigeukia, mteja kakaa palee: "Dogo, rangi tu inakutoa jasho?" Mpaka mlinzi wa getini alisikia! Akavuta laptop YANGU, akaandika bypassSecurityTrustHtml (amri ya kuiambia Angular isiichuje HTML hiyo), akagonga enter kama anapigilia jeneza. Bei ikawa nyekundu. Mteja akapiga makofi.

Dogo! Nina watoto wawili!

Nikaingia kama muuzaji palepale, nikaweka div moja (kisanduku) ya position:fixed, yaani imegandishwa juu ya skrini, upana na urefu asilimia 100, ndani kiungo. Ukurasa wote ukafunikwa: bonyeza popote, hata "Lipa", unakwenda ninakotaka mimi. Skripti hakuna hata herufi, style tupu! Nikaongeza img yenye onerror (skripti inayoendeshwa picha ikigoma kufunguka), nayo ikafyatuka. Akanijibu: "Wauzaji wetu waungwana." Mdudu wa Samy (programu inayojisambaza yenyewe) kule MySpace, mtandao wa kijamii, 2005, alipenya kwenye style hizihizi, akaambukiza profaili zaidi ya milioni moja hata saa 20 hazijaisha!

Eti rangi tu. Mbele ya mteja.

fundi_bati: Mkuu, kilichokuuma ni usalama au ni "dogo"?

mleta uzi: VYOTE. Laptop ilikuwa yangu!

bibi_seva: Na wewe angalia, DOMPurify ukiiacha ilivyo inaruhusu style, hiyo position:fixed yako inapita. Lazima uikague sifa moja moja. Mimi maelezo nayaweka ndani ya iframe yenye sandbox (kiukurasa kilichofungiwa ndani ya ukurasa), vurugu zinaishia humohumo.

mzee_wa_jedwali: Nyie mnadeka. Mimi naandika barua pepe za HTML. Outlook ya zamani (classic) ya Windows inachora kwa injini ya Word! Mwaka huu napanga meza (jedwali) ndani ya meza kama fundi seremala.

fundi_bati: Pole mzee. Padding (nafasi kati ya maandishi na ukingo) nayo inakusumbua?

mzee_wa_jedwali: Usiitaje hiyo kitu.

kijana_wa_zamu: Mna bahati mnagombania rangi. Sisi mshahara wa mwezi uliopita haujaingia.

bibi_seva: Hata nyie? Mlipewa sababu gani?

kijana_wa_zamu: Eti "mfumo".