Sethe au Hamza: nani anaandamwa zaidi na yaliyopita?

bint_barani (Malindi)
Asalaam aleikum. Kikundi chetu cha kusoma hapa Malindi tunatafuta riwaya moja ya mtu anayeandamwa na machungu ya zamani, tumebakisha mbili, Beloved ya Toni Morrison (1987) na Afterlives ya Abdulrazak Gurnah (2020). Sethe wa Beloved, mtumwa aliyetoroka huko Marekani, alimuua mwanawe mchanga asije akarudishwa utumwani, na miaka 18 baadaye nyumba bado haikaliki kwa mzimu wa mtoto huyo, vijana wake wa kiume washakimbia. Hamza wa Afterlives alikuwa askari wa Mjerumani huku kwetu Afrika Mashariki, mkubwa wake mwenyewe akamkata upanga wa nyonga, karudi mjini anachechemea na hasemi kitu. Nyinyi mngeshika ipi?

ami_langoni (Lamu)
Mwanangu shika Beloved. Mle yaliyopita yana mwili, yanakaa mezani yanakula. Paul D, rafiki wa Sethe wa tangu utumwani, anaingia anaufukuza mzimu wa mtoto, nyumba kimya, wanadhani yamekwisha, wanatoka siku moja kutembea, kurudi wanamkuta msichana kaketi nje, ngozi laini kama ya mtoto mchanga na jina lake ndilo lililochongwa kaburini. Halafu tizama anavyomla mamake taratibu, Sethe anampa chakula, anampa nguo, anampa usingizi wake, yeye anakonda na mwenzake ananawiri. Mtu mwenye hatia huwa hivyo, anailisha mwenyewe. Siyui riwaya nyingine iliyonionyesha hilo kwa mato yangu.

nuru_shela
Ami kwa heshima zote, mimi nasema Hamza. Mzimu ukishauona angalau una wa kugombana naye. Hamza hana. Babake alimtoa kwa tajiri kwa ajili ya deni, akatoroka, akajipeleka jeshini mwenyewe kwa miguu yake, sasa lawama aipeleke wapi? Ndio maana anaficha, usiku jinamizi linamshika, mchana yuko karakana anaranda mbao, na mkewe Afiya anapata habari vipande vipande tu. Hiyo naijua, wanaume wa namna hiyo tunaishi nao.
Na halafu (asiyesoma aruke hapa) inamwangukia mtoto. Ilyas mdogo anasikia sauti, inamuulizia mjomba aliyepotea vitani, mpaka anaitwa mama wa kupunga. Sisi watu wa pwani hicho chumba tunakijua harufu yake. Lakini ubani hautoshi, kinachotakiwa ni habari, na habari inakuja baadaye sana, mtoto ashakuwa mtu mzima yuko Ujerumani, ndio anagundua mjombake alifia kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen 1942.

msomaji_ganda
Mimi niko na ami lakini kwa sababu nyingine. Morrison alianzia kwa mwanamke wa kweli, Margaret Garner, aliyetoroka utumwa Kentucky, Marekani, 1856, na karne hiyohiyo hapa Malindi mashamba ya mtama yalilimwa na watumwa, wengine wakatoroka wakajificha bara huko Fuladoyo, na utumwa haukufutwa kisheria pwani yetu mpaka 1907. Sasa niambieni, ni nyumba ngapi hapa mjini ukiuliza bibi mkubwa alitoka wapi watu wanabadilisha mazungumzo? Mimi nimeuliza, nikaambiwa nile chakula kinapoa. Tukisoma Beloved tutajisoma wenyewe, na inauma, lakini isomwe.
Ila msimwangalie Sethe peke yake, mwangalieni bintiye Denver. Yule alizaliwa njiani mamake akitoroka, hana alilotenda, na bado anaogopa kutoka nje ya uwa.

nuru_shela
Hapo kwa Denver umenigusa kaka. Kumbe tunalinganisha watu wasio wenyewe, walinganishwe Denver na Ilyas mdogo.

ami_langoni (Lamu)
Sawa kabisa. Na tofauti yao kubwa, Denver anapona siku anayotoka kwenda kuomba msaada kwa majirani, wanawake wa mtaa wanakuja wote. Ilyas inabidi asafiri, afukue makaratasi. Mmoja anaokolewa na watu, mwengine na jalada. Mimi bado nampa Morrison.

bint_barani (Malindi)
Tunaanza na Beloved basi, Afterlives ifuate, na swali la kikao cha kwanza ni Denver. @msomaji_ganda uje ueleze hayo ya Fuladoyo, kuna wazee wawili kwenye kikundi naona watataka kusema. @nuru_shela kama nakala yako iko, mpe mtu wa basi la Lamu, nauli ya mzigo naitoa mimi.