Mawe ya Nyero na yale ya Kanada, yote yaliletwa na barafu?

mkulima_Kumi
Wadau habari za jioni, nina swali na naomba msinicheke. Mjomba wangu anafanya kazi shambani huko Kanada, Saskatchewan, kusini mwa Moose Jaw, juzi akatuma video nikadhani ni kwetu Teso, Uganda, kabisa, tambarare mpaka macho yanachoka, vidimbwi kila mahali alafu katikati ya ngano kuna jiwe limekaa peke yake, kubwa kushinda kibanda cha chapati. Anasema wenyeji wamemwambia liliburutwa na barafu. Sasa mimi nikiangalia mawe ya Nyero hapa karibu nayo yamekaa hivyo hivyo, mengine yamepandana kama mtu aliyapanga. Je na huku barafu ilipita? Na barafu inabebaje jiwe jamani, si inayeyuka tu

kaka_wa_Busia
Hiyo ni gharika ya Nuhu bana, maji yalisomba kila kitu. Mnatafuta mambo mengi ya nini

mwl_jiografia_Mbale
Kaka wa Busia hata wasomi wa Ulaya walikuwa wanasema hivyo hivyo, mpaka 1837 Mswisi mmoja, Louis Agassiz, akasimama mbele ya wenzake akawaambia haya mawe ni kazi ya barafu, na wengi walimkatalia. Lakini angalia kitu kimoja. Maji yakibeba mzigo yanachambua, waulize wanaochimba mchanga mto Manafwa, kokoto utazikuta huku, mchanga kule, tope limeenda mbali. Barafu haichambui. Ukichimba kwenye hayo mashamba ya Saskatchewan unakuta mfinyanzi, mchanga, changarawe na mawe makubwa vyote vimevurugwa pamoja, na mawe mengine yana mikwaruzo iliyonyooka kama yamepigwa msasa.

Sasa Mkulima, usifikirie barafu ya friji. Miaka kama 20,000 iliyopita karibu Kanada yote na kaskazini ya Marekani ilikuwa chini ya barafu. Bamba kubwa kuliko yote wanaliita Laurentide, na upande wa Hudson Bay unene wake ulifika kilomita 3 hivi. Ukisimama hapa Mbale mjini ukatazama juu kule Wagagai, kilele cha mlima Elgon, kutoka ulipo mpaka kileleni ni kama kilomita 3, basi jaza barafu hapo katikati yote alafu itandaze nchi nzima. Uzito huo hautulii, barafu inajikandamiza yenyewe mpaka inatambaa polepole kutoka katikati kwenda pembeni, na ikitambaa inang'oa miamba na kuigandisha tumboni mwake. Ikifika kwenye joto inayeyuka, mzigo unabaki hapohapo. Kwa hiyo ndio, inayeyuka, ila inakuwa ishatembea mamia ya kilomita.

Vidimbwi navyo ni vyake. Mapande ya barafu yalifukiwa chini ya udongo, yakakaa humo muda mrefu sana, yalipoyeyuka ardhi juu yake ikabonyea. Ndio maana ukiangalia video ya mjomba vizuri utaona ile nchi siyo bapa kweli, ina vijilima na mashimo kama uso wenye ndui. Ukitaka bapa la meza nenda Winnipeg ya Kanada mpaka Fargo ya Marekani. Pale barafu ilikuwa imeziba njia ya maji kwenda kaskazini likatokea ziwa kubwa mno, leo linaitwa Agassiz, jina la yule yule bwana, tope likatulia chini miaka na miaka, ziwa likaondoka, sakafu yake ndiyo wanalima sasa. Tena mto wa hapo, Red River, bado unaenda kaskazini, na 1997 ulifurika vibaya kwa sababu nchi bapa hivyo maji hayana pa kukimbilia.

Nyero hapana. Hayo mawe hayakuletwa na mtu wala barafu, yamezaliwa hapo. Ni granaiti ile ile iliyo chini ya miguu yako, mvua na joto vimeioza kupitia nyufa zake, udongo laini umeondoka, migumu ikabaki imesimama na mingine imepandana. Kipimo ni rahisi, uliza jiwe linafanana na mwamba wa chini au hapana. Saskatchewan ya kusini chini ni mwamba laini uliotokana na tope la bahari ya kale, alafu juu yake limekaa granaiti ngumu. Hilo ni mgeni, limetoka kaskazini mashariki.

kaka_wa_Busia
Haya mwalimu nimekubali nusu. Na ziwa Kyoga? Yale maji yametawanyika na mabwawa yote yale

mwl_jiografia_Mbale
Kyoga ni mambo ya bonde la ufa. Ardhi ya magharibi iliinuka, mito iliyokuwa inaenda huko kama Kafu ikarudishwa nyuma, maji yakajaa kwenye mabonde yake ndio maana ziwa lina vidole vidole. Enzi ya barafu huku tambarare ilituletea ukame siyo barafu, Nalubaale (ziwa Victoria) lenyewe lilikauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita.

mpagazi_Kasese
Mwalimu usiseme Uganda hakuna! Nimebeba mizigo ya watalii Rwenzori miaka mingi, ukitoka Nyakalengija siku ya kwanza unalala Nyabitaba, ile kambi iko juu ya tuta refu la mawe na udongo, hilo tuta barafu ndiyo ililimwaga, na ziwa Mahoma lililo juu zaidi ya pale limezibwa na matuta hayo hayo. Leo barafu iko kule juu kabisa kwenye kilele cha Margherita, imebaki kidogo sana, wazee wetu waliiona kubwa sisi tunaona vipande

mwl_jiografia_Mbale
Mpagazi umenisahihisha vizuri, nilisema tambarare lakini ningetaja milima. Mahoma ni shahidi mzuri sana.

mkulima_Kumi
Banange asanteni. Nimempigia mjomba nikamwambia akaangalie jiwe kama lina mikwaruzo. Anasema upande mmoja ni laini unang'aa kama sabuni na chini yake pamechimbika mfereji kuzunguka jiwe lote. Hiyo pia barafu?

mwl_jiografia_Mbale
Hahaha hapana, hao ni nyati wa zamani wa kule. Nchi haina miti, wakiwashwa walikuwa wanajikuna kwenye hayo mawe, vizazi na vizazi, mpaka yakang'aa na kwato zikachimba mfereji.

mkulima_Kumi
Kama ng'ombe wangu na nguzo ya umeme. Anasema pia kila baada ya baridi mawe mapya yanatokea shambani kazi yake ni kuyaokota tu, mgongo umeisha, alidhani tajiri wake anayaleta usiku

mwl_jiografia_Mbale
Mwambie tajiri hana kosa. Ardhi ikiganda inavimba inasukuma mawe juu kidogo kidogo kila mwaka. Na huko chini mzigo bado upo mwingi, aombe nyongeza ya mshahara.