Herufi H kwenye FBP si leseni ya kuuza antibayotiki! Tanga tunaumizwa

Wadau, hili limepita kiasi. Kuanzia Ngamiani mpaka Makorora mtindo ni ule ule: mtu anapima FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), karatasi inatoka na H (yaani juu ya kawaida) pembeni ya WBC (chembe nyeupe za damu), anaambiwa "una maambukizi kwenye damu", anafungiwa antibayotiki. Mistari ya chini yake hakuna anayeisoma!

Chembe nyeupe za mtu mzima ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa kila maikrolita. Jumla hiyo haitoshi, tazama zilizopanda ni za aina gani. Neutrofili juu na homa ipo, fikiria bakteria. Limfosaiti, mara nyingi virusi. Eosinofili zikizidi 500, fikiria minyoo, kichocho, pumu au mzio, na kwa pwani yetu hii ya matende na mabusha mnasahauje? Pimeni choo na mkojo. Amoksilini haiui minyoo!

Tena anayemeza prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) neutrofili zake hupanda bila mdudu yeyote: dawa huzibandua zilizogandia kwenye kuta za mishipa, zikaingia kwenye mzunguko na kuhesabiwa. Na wapo Waafrika wengi ambao kwa asili neutrofili zao ni 1,500 au pungufu, wazima kabisa, halafu wanatishwa kwamba kinga imeshuka.

Sasa uvimbe. Bakteria wakiingia kwenye kidonda, chembe zilizomo kwenye nyama hutoa kemikali, mishipa hutanuka na kuvuja, ndipo panapovimba, panapata moto na kuuma. Neutrofili hupenya nje, humeza bakteria, huwaua kwa sumu zake, nazo hufa. Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga yake. Lakini sumu hiyo hiyo huunguza nyama ya mwenyewe. Kwenye gauti (ugonjwa wa viungo), kidole gumba cha mguu huvimba kwa sababu neutrofili zinashambulia fuwele za asidi ya yuriki. Bakteria hayupo hata mmoja. Antibayotiki ya nini?

Jipu lililoiva lipasuliwe kituoni usaha utoke, maana dawa haipenyi vizuri humo ndani.

Kinachoniudhi zaidi ni sindano ya dexa (deksamethasoni, steroidi kama prednisolone) kwa kila kilichovimba. Uvimbe unanywea kwa kuwa chembe zimezuiwa kufika, homa inajificha, bakteria wanazaliana kwa raha zao. Mwenye TB iliyolala inaweza kumwamkia. Huko ni kumuua mtu huku anakushukuru!

Wa maabara mliomo humu, andikeni aina ya chembe iliyopanda kwa maneno, kwa kalamu, msitoe karatasi yenye H tupu.