Ati "dakika 45"! Lodwar–Wajir imenirudisha Umoja

Wadau, nimetoka kwa ofisi ya yule jamaa wa tiketi sasa hivi na bado natetemeka. Mnamjua. Yule anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nimemuuliza kwa heshima zote, akaniangalia juu mpaka chini, foleni yote ikisikiliza: "Kwani ulidhani ndege ni bodaboda?"

Bodaboda! Mimi!

Nilikuwa Lodwar kazini, natakiwa Wajir, kaskazini huko huko, kesho yake. Nikampigia. Nikasikia akibofyabofya kompyuta. "Mkubwa, hapo ni karibu. Kilomita 500 tu, dakika 45." Nikatuma pesa kabla hajamaliza kusema "tu". Kumbe amepiga rula kwa ramani, halafu akagawa kwa mwendo wa midege ya kwenda Ulaya! Ndege ya moja kwa moja hata haiko. Ni Lodwar–Nairobi, 500. Nairobi–Wajir, 500 nyingine. Pimeni wenyewe, ni pembetatu safi ya darasa la nne. Na ni ndege ya propela, tena tumetua Eldoret kuokota watu kama matatu. Jana usiku nimekula ugali kwangu Umoja, hapa Nairobi, mke ananiuliza Wajir imeisha lini. Wajir ni kesho, Mungu akipenda.

Ndiyo nikaenda kumuuliza. Na akaniambia bodaboda. Mama mmoja kwa foleni alicheka mpaka akashika kaunta. Soja wa mlango pia. Nadhani hata lile ua la plastiki lilicheka.

KaziniDaima: Lakini kaka, kweli ulidhani ni boda? 😂

BintiWaPwani: Kunguru angeruka moja kwa moja akafika na dakika zake. Wewe si kunguru.

Mzee_Kijana: Huko kaskazini kila kitu lazima kipitie Nairobi, hata salamu. Zamani ndege za kutoka Mogadishu zilikuwa zinatua Wajir kukaguliwa kwanza. Ungezunguka na huko ujaze pasipoti.

Mwenye uzi: Mnacheka, lakini alisema mbele ya watu. BODABODA.

Tumbo_Kubwa: Heri wewe. Mimi pale uwanja wa ndege wa Wilson walinipima na mwili, ati ndege ni ndogo. Mizani ile ile ya mizigo, kuna gunia la vitunguu limetoka tu na maganda yamebaki. Dada akasoma kwa sauti: "Mia moja na nne!" Mchumba alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimemwambia themanini na tano.

KaziniDaima: 😂😂 Toa kiatu upimwe tena.

BintiWaPwani: Kufika Wilson kwenyewe ni safari. Jana Lang'ata Road nimekaa saa mbili, ndege ikapita juu yangu nikiipungia mkono.

Rongai_Damu: Saa mbili unalia? Mvua ikinyesha sisi wa Rongai tunafika nyumbani kesho, na nauli imepanda mara mbili.

Mwenye uzi: Wadau, turudi kwa huyu jamaa wa miwani…

Tumbo_Kubwa: Rongai jioni ni ngapi siku hizi?