Mrejesho: kusafisha mtutu wa bunduki ya kuwindia

Ndugu zangu, niliuliza kutoka hapa Lubumbashi kama mtutu wa bunduki ya kuwindia ya baba mkubwa usafishwe kila tukipiga. Asanteni sana! Aliyetuambia tuangalie kwanza aina ya risasi ndiye aliyetuokoa. Zetu ni za zamani, na fataki zake (kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti) huacha chumvi inayovuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Sasa siku ileile, bunduki ikiwa tupu, tunapitisha maji ya moto mtutuni, tunakausha kabisa, ndipo tunapaka mafuta kidogo. Kitambaa kinaingilia upande wa chemba, yaani nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ili mdomo wa mtutu usichubuke. Mabaki ya shaba yanayoachwa na risasi mtutuni tunayaondoa shabaha ikianza kupotea tu. Mvua zote hizi, kutu hatujaiona. Baba mkubwa anawasalimu.