Naomba ushauri: kuongeza kiti kwenye buti la Probox ili nibebe watoto sita wa shule

Baba_Kihonda
Habari za humu wakuu. Nina Toyota Probox ya 2008, kadi ya gari inasoma abiria 5. Naishi Kihonda, Morogoro, na shule ya watoto iko ng'ambo ya Msamvu. Wangu ni wawili, na majirani wameniomba niwe nabeba na wa kwao wanne, maana bodaboda za mishikaki (watoto kadhaa kwenye pikipiki moja) kwenye ile barabara ya malori zinawanyima usingizi. Kila mzazi atachangia mafuta kila mwisho wa mwezi.

Fundi mmoja ameniambia hilo jambo dogo. Anachukua kiti cha nyuma cha Noah iliyokufa, anakikata kidogo, anatoboa sakafu ya buti na kukifunga kwa bolti nne. Kitatazama nyuma, kwa sababu kikitazama mbele miguu haipati pa kukaa. Mikanda ataweka ile ya kiunoni. Bei tumefika 250,000 na kazi ni ya siku moja.

Sijampa hela bado. Nauliza mambo mawili: usalama wake ukoje, na siku ikitokea ajali nani anawajibika, mimi, fundi au bima? Nina bima ndogo, ile ya mtu wa tatu.

Chuma_cha_Pua
Mpe hela akufungie, acha woga. Mbona Probox huko mikoani zinapiga michomoko (safari za abiria zisizo rasmi) na watu tisa, wawili wamekaa kiti cha dereva? Watoto wadogo hao hata uzito hawana.

FundiBodi
Chuma, hapo kwenye uzito sikubishii, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Probox ya van mtengenezaji anairuhusu mzigo wa kilo 400 wakikaa dereva na mtu mmoja tu; wakikaa watano mzigo unashuka hadi 250. Watoto sita wa msingi hawafiki huko. Gari halitavunjika mgongo. Shida ni mahali wanapokaa na kitu kinachowashikilia.

Baba Kihonda, fanya hivi: funua kapeti la buti ugonge sakafu kwa kidole, halafu nenda pale kiti chako cha nyuma kilipofungwa ugonge tena. Utasikia tofauti. Kwenye kiti cha kiwandani, nati imechomelewa ndani ya bati lililoongezwa unene na kuungana na boriti za bodi. Sakafu ya buti ni bati jembamba la kuwekea mizigo. Bolti nne kwenye bati hilo zinashika vizuri sana gari likiwa limesimama.

Piga hesabu. Mtoto wa kilo 30, gari linagonga likiwa spidi 50 na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde: mwili wake unavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Hao ni wawili, na kiti chenyewe kina uzito wake. Bolti haikatiki, ila bati linachanika kuizunguka na kiti kinang'oka na watoto wakiwa wamefungwa juu yake. Kinakwenda kutua kwenye migongo ya wale watatu wa mbele yao.

Na hapo tumezungumzia kugonga mbele tu. Wakitazama nyuma, magoti yao yanagusa mlango wa buti. Msamvu hapo unasimama kwenye foleni na nyuma yako kuna lori la semi. Ile nafasi ya buti iliwekwa ibonyee ikigongwa ili waliokaa kiti cha nyuma wapone. Wewe unataka kuijaza miguu ya watoto.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi: mtoto aliyekaa buti hana mlango. Hawezi kutoka mpaka mtu wa nje afungue buti, au wale watatu washuke na kiti chao kilazwe. Gari likishika moto au likiingia mtaroni, nani atazunguka kufungua?

Mimi kazi yangu ni bodi, na pesa naipenda kama mtu mwingine. Viti vya buti nimekataa.

Baba_Kihonda
Dah. Fundi akiongeza bati nene chini, kama sahani, na washa kubwa (kile kipete cha chini ya nati)?

FundiBodi
Sahani inasaidia, na anayefunga bila sahani usimpe gari hata kubadilisha taa. Lakini chini ya hiyo sakafu kuna eksozi, na mbele kidogo kuna tenki na mabomba ya mafuta, huchomelei popote unapotaka. Halafu mkanda unaufunga wapi? Kwenye Noah umeshikwa na bodi ya Noah. Nguzo za Probox kule nyuma hazikuandaliwa kwa kazi hiyo, ndiyo maana anakuletea wa kiunoni. Mkanda wa kiunoni kwa mtoto unapanda tumboni, na ajali ikitokea unabana utumbo badala ya mifupa ya nyonga.

Omogusii254
Chuma_cha_Pua, mimi ni wa Kisii, na Probox tunazijua kuliko waliozitengeneza. Hapa kwetu hubebwa watu hadi kwa buti, mlango ukiwa umefungwa kwa kamba. Usitumie hiyo kama ushahidi wa usalama, tafadhali. Tunaowazika tunawajua.

Kwa upande wa Kenya, ukibadilisha idadi ya viti unapaswa kwenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likaguliwe na rekodi ya gari ibadilishwe. Bila hiyo, polisi wakikusimamisha gari linalala kituoni. Huko kwenu sijui ni nani anashughulikia.

Dada_wa_Madai
Huku Tanzania kadi ya gari ni ya TRA, mamlaka ya mapato, na idadi ya abiria imeandikwa pale. Ukibeba kwa malipo, leseni ni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Nimefanya kazi ya madai ya bima miaka mingi, ngoja nimjibu kaka yetu swali lake la pili, maana FundiBodi amemaliza la kwanza.

Kaka, toa sera yako ya bima usome kipengele cha matumizi. Ya gari binafsi inasema gari ni la matumizi binafsi, si la kukodisha wala kubeba abiria kwa malipo. Hapo ndipo ulipo mtego wako, hata kabla ya kiti. Wewe unaita mchango wa mafuta. Mpelelezi wa madai akija atawauliza wazazi: mlikuwa mnatoa shilingi ngapi? Wakitaja kiasi kimoja, kwa kila mtoto, kila mwezi, yeye anaandika nauli.

Ongeza sasa na kiti ambacho hakipo kwenye kadi na kampuni hukuiambia. Bima inaendeshwa kwa kuaminiana: jambo linalobadilisha hatari unatakiwa kulisema. Gari la abiria linalipiwa bima kwa hesabu ya viti, kwa hiyo kampuni itauliza ulilipia viti vingapi na ulibeba watu wangapi. Kuna madai ambayo sheria inaweza kuilazimisha kampuni kumlipa mtu wa tatu, kisha inakugeukia wewe uirudishie. Mengine itakataa moja kwa moja, na mzazi atakushtaki wewe. Nyumba yako ya Kihonda iko pale pale, wanaijua.

Fundi wako wa kiti? Una risiti yake? Una mkataba? Atasema alifunga ulichomwambia afunge.

Na usisahau kuna kesi ya trafiki pembeni, ambayo bima haikuingilii kabisa. Mtoto akifa, unashtakiwa wewe uliyeshika usukani, na kiti cha kuongeza kitapigwa picha kuwa kielelezo.

Chuma_cha_Pua
Si wazazi wasaini karatasi tu kwamba hawatadai chochote? Mambo ya kuelewana majirani haya.

Dada_wa_Madai
Haki ya kudai fidia ya kuumia ni ya mtoto mwenyewe, mzazi hawezi kuigawa kwa saini. Na karatasi hiyo mahakamani inakuwa shahidi dhidi yako: ulijua ni hatari, ukaitafutia karatasi.

Mama_Sharifa
Samahani kuingilia. Kwani shule inaanza saa ngapi? Kaka si apige mizunguko miwili? Wanne wa kwanza saa kumi na mbili kasoro, wengine baadaye. Probox haili mafuta hivyo.

Baba_Kihonda
Mama Sharifa, nimelifikiria, ila kazini naingia saa moja na nusu, mzunguko wa pili unanikamata foleni. Fundi wetu na dada wa bima nawashukuru, la kiti nimeliacha. Nikitaka kuuza Probox nichukue gari dogo lenye viti saba vya kiwandani, mnashauri lipi? Mfuko wangu si wa Noah.

FundiBodi
Wish, Sienta, Isis, au Spacio ya kuanzia 2001 yenye safu tatu. Kuna na Passo Sette, ilitoka mwishoni mwa 2008, injini 1500, viti saba. Wengi hawaijui kwa sababu jina lake linafanana na Passo ya kawaida. Zote hizo kiti cha tatu kinatazama mbele na mikanda yake imefungwa kwenye bodi. Kabla ya kulipa, vuta kila mkanda wa nyuma hadi mwisho uuachie. Magari mengi yaliyotumika yana mikanda iliyokatwa au kufunikwa chini ya kiti. Nafasi ya buti itakuwa ndogo, mabegi ya shule yabanwe miguuni.

Dada_wa_Madai
Na kadi isome 7 kabla hujatoa hata shilingi. Kisha nenda kwa kampuni yako ya bima na hesabu kamili, watoto wanne wa majirani na hela wanayotoa, uulize kwa maandishi watakukatia bima ya aina gani. Wakikwambia ni biashara, pita LATRA uulize na leseni ya kubeba wanafunzi. Usitake hiyo hela ya mafuta kabla hujajibiwa.

Baba_Kihonda
Na nikiwabeba bure?

Dada_wa_Madai
Suala la malipo linaondoka, la uzembe barabarani linabaki. Na bima ndogo isikudanganye: uliza kama waliomo ndani ya gari wamo, maana si kila sera inawafunika. Ukiwa na jibu lao, litupie hapa tulisome.